Mcheza kwao hutunzwa, lakini kwa wimbo upi?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni mpiga gitaa wa bendi ya watu sita huku Mwakirunge. Tuna nyimbo kumi na nne tulizotunga wenyewe, za Kiswahili na za Kigiriama. Tukiitwa harusini au kwenye harambee, tukianza wimbo wetu watu wanarudi vitini, na mwenye shughuli anakuja kuninong'oneza tupige zile wanazozijua. Tukipiga kopi uwanja unajaa. Je, kijijini nyimbo mpya hazina soko, tuhamie mjini? Pili, tunaogopa kuibiwa tukizitoa. Tatu, wenzangu wanataka mzee wetu wa kayamba apumzike, tununue kinanda. Nimekutumia nyimbo tatu tulizorekodi kwa simu. Nijibu tu, usinionee haya."

Marahaba, kaka. Nyimbo zako nimezisikiliza mara mbili. Mara ya kwanza nyumbani nikiwa nimetulia, mara ya pili ndani ya matatu ya Bamburi dirisha likiwa wazi, maana wimbo ukipotea ndani ya matatu, na harusini utapotea. Gitaa lako ni zuri kuliko nilivyotarajia. Besi imeshika. Sauti ya huyo dada anayeimba wimbo wa pili ningeitambua hata nikiisikia mwakani bila kuambiwa ni nani. Kosa haliko hapo, na wala haliko kwa watu wa Mwakirunge.

Mtazame vizuri yule anayekuja kukunong'oneza. Wewe unasikia kwamba nyimbo zenu ni mbaya. Yeye ana wageni chini ya turubai, pilau imechelewa, na mashangazi wa bibi harusi wamekaa na leso zao mpya hawajanyanyuka hata mmoja. Anachotaka ni watu wapate la kufanya. Wimbo wanaoujua unawapa: wanajua pa kuitikia, pa kupiga makofi, na pale sauti inapopanda mtu akanyoosha mkono juu. Wimbo wenu unawataka wakae wasikilize. Kusikiliza watafanya nyumbani na redio.

Nilikaa na saa. Katika wimbo wa kwanza gitaa linacheza peke yake sekunde arubaini kabla ya neno la kwanza. Kiitikio kinafika dakika ya pili na nusu, kina mistari minne mirefu, na unakiimba mwenyewe. Mara ya pili umekibadilisha maneno! Sasa shangazi aingilie wapi?

Wazee wenu walishalimaliza jambo hili kitambo. Kwenye ngoma ya mwanzele, kwenye sengenya ya Wadigo na Waduruma, kwenye vugo na chakacha za kina mama wa Mombasa, mwimbishaji hutoa maneno mapya papo hapo. Anamtaja mwenye nyumba, anamchokoza shemeji mchoyo, anamkumbuka aliyetangulia mbele ya haki. Hujasikia mtu akilalamika kwamba ubeti ule haujui. Kiitikio ni kifupi, kimetolewa mwanzoni kabisa, kimerudiwa hadi mtoto wa miaka minne amekishika, na juu yake mwimbishaji anapakia atakacho. Mji wenyewe wa Mombasa, mwanzoni mwa karne iliyopita, ulikuwa na beni zake, Kingi na Skochi, vyama vya ngoma za tarumbeta vilivyoshindana kwa gwaride, kwa mavazi na kwa nyimbo za kutupiana vijembe. Kijembe cha mwaka juzi kingemchoma nani? Kila mashindano yalihitaji nyimbo mpya. Kwa hiyo mtu akikwambia Wapwani hawapendi nyimbo mpya, mwambie wamezipenda tangu enzi za tarumbeta, ila walipewa pa kuingilia.

Hata wimbo unaoombwa sana na kila mtalii wa pwani hii ulikuwa wimbo mpya wa bendi ya hapahapa. Them Mushrooms walikuwa wakipiga hotelini kama wengine wote, na "Jambo Bwana", uliotoka mwaka 1982, Teddy Kalanda Harrison aliujenga kwa maneno yaleyale ambayo mgeni hujifunza siku yake ya kwanza: salamu, na majibu ya salamu. Mgeni hana haja ya kuujua. Akisalimiwa tu, ameshaingia. Sisi wanamuziki wa Mombasa tumeuchoka kufa, mimi mwenyewe nimeupiga mara nyingi kuliko nilivyokula mahamri, lakini kwa ufundi wa kumwingiza mtu asiyejua neno la pili la Kiswahili, sijauona wa kuupiku. Mombasa Roots nao, miaka ile ile ya 1980, walichukua chakacha ambayo kila mama wa mji alishaijua kiunoni, wakaitia gitaa la umeme na kuifanya disko. Mwili ulikuwa unajua kabla ya sikio.

Sasa tushike wimbo wako wa tatu, ule wa malori ya taka, maana ndio wenye mali.

Taka za Mombasa zinaishia kwenu. Kila mtu mjini analijua hilo na hakuna anayelifikiria akishafunga mfuko. Kiitikio chako kinasema, "Enyi viongozi wetu tunawaomba kwa dhati, mazingira ni uhai tuyatunze kwa pamoja." Kaka, hii ni lugha ya semina. Nimeisoma kwenye mabango ya kila mradi uliowahi kupita Kisauni, na sijaona mtu akiicheza. Lakini katika barua yako, pale unaponieleza mnafanyia wapi mazoezi, umeandika sentensi moja pembeni, kama mtu aliyeisahau mezani: bibi yako hukaa kibarazani akishona makuti, na kila lori likipita huuliza bila kuinua kichwa, "La ngapi hilo?" Nilipofika hapo niliiweka simu chini. Hicho ndicho kiitikio chenu, na mmekuwa nacho muda wote.

Lori limepita, bibi!
La ngapi hilo la leo?

Mizani minane na minane. Mstari wa kwanza ni wa dada yenu, wa pili ni wa uwanja mzima. Kisha ubeti wenyewe usihubiri kitu, uhesabu tu:

La kwanza lapita jua halijagusa mnazi,
La ngapi hilo la leo?
La pili lapita chai ingali ndani ya buli,
La ngapi hilo la leo?

Vina sijatia, hiyo kazi nawaachia. Nataka uone mambo mawili tu. Mnazi na buli vinaonekana, "mazingira" hayaonekani. Na mkifika lori la tisa, la kumi, hamna haja ya kumwomba kiongozi yeyote kwa dhati. Kama yuko pale jukwaa kuu amevaa miwani yake, atakuwa anahesabu pamoja na wenzake.

Kama hamna kati yenu mwenye mkono wa mashairi, mtafuteni nje ya bendi bila aibu. Nyimbo nyingi za taarabu ya Mombasa ziliimbwa na mtu na kutungwa na mwingine. Marehemu Juma Bhalo aliimba mashairi ya nduguye Ahmad Nassir, yule Malenga wa Mvita, na sijui mtu aliyewahi kumpunguzia heshima kwa hilo. Pale kwenu hapakosi mwalimu wa madrasa, au mama wa kwaya, au mzee wa mkekani ambaye ukimpa habari jioni asubuhi anakuletea beti sita. Mwandikeni jina lake. Hilo nitalirudia.

Kuhusu lugha: umeniuliza katikati ya barua kama Kigiriama kinawafungia milango. Hapana, ila mmekiweka upande usiofaa. Mmeimba beti kwa Kigiriama cha ndani sana na kiitikio kwa Kiswahili cha magazeti. Geuzeni. Kiitikio cha maneno matatu kwa Kigiriama hata Mdigo wa Likoni na Mkamba wa Changamwe atakiitikia, kwa sababu maneno matatu hayamshindi mtu. Beti zenye habari ziwe za Kiswahili cha nyumbani, ili asikie nini kimetokea.

Nikuonyeshe jinsi wimbo mgeni unavyoingizwa shughulini. Mwaka juzi nilikuwa kwenye miksa, ile mashine ya kusawazisha sauti, katika harusi moja huko Utange. Bendi ilikuwa ya vijana watano, vyombo vya kukodi, spika moja inakoroma. Kabla ya kuanza wimbo wao, mwimbaji aliteremka na maiki yenye waya mrefu akaenda nyuma ya nyumba, jikoni. Sisi mbele tulikuwa tunasikia sauti tu: sufuria zinagongana, mtu anakohoa moshi wa kuni, kina mama wanacheka. Akawaambia, "Mama zangu, nikisema hivi, nyinyi semeni hivi." Wakasema. "Sijasikia, pilau imewatia usingizi?" Wakasema tena, safari hii mmoja, mpishi mkuu nadhani, akiwa amelisogelea maiki na mwiko mkononi. Ndipo gitaa likaanza. Mwimbaji anarudi mbele anaimba, na jibu linatoka jikoni. Wageni wote walio chini ya turubai wakageuza shingo. Mara ya pili wamecheka. Mara ya tatu wameitikia wao, kwa sauti ya kushindana na jikoni, na mashangazi walikuwa wameshasimama. Wimbo ule hakuna aliyekuwa amewahi kuusikia. Usiku ule uliombwa mara mbili, na mtu wa kwanza kuja kumtunza mwimbaji alikuwa yule mama wa mwiko, noti ya mia imelowa jasho, akaibandika kwenye paji la uso la kijana na kurudi kwenye sufuria zake.

Watu husema mcheza kwao hutunzwa. Ni kweli, lakini yule kijana alitunzwa kwa sababu aliwachezesha kwanza wao.

Basi mpangeni saa zenu hivi. Msitangaze kabisa "sasa tunawapigia wimbo wetu wenyewe". Hilo tangazo ndilo linalowapeleka watu kununua soda. Pigeni kopi mbili au tatu za mdundo mmoja, na ya tatu ikiwa bado imewaka, mpiga besi asisimame: teremkeni moja kwa moja kwenye wenu, ufunguo uleule, mwendo uleule. Kabla hawajajua wamekwisha ingia. Halafu uleule wimbo urudieni karibu na mwisho wa shughuli. Mara ya pili utakuwa wimbo "wanaoujua". Na kati ya zile kumi na nne, chagueni mbili za mwaka huu. Najua inauma. Kumi na mbili zilizobaki hazitaoza. Kijiji hakiwezi kushika nyimbo kumi na nne za watu sita kwa mkupuo, lakini mbili zikipigwa kila Jumamosi mfululizo, mtazisikia zikiimbwa na wachota maji.

Wimbo wenu wa pili, nikuambie, ni wa mtindo wa bango kasoro saksafoni, hata kama hamkukusudia. Msikilizeni Mzee Joseph Ngala, ambaye pwani nzima inamhesabu baba wa mtindo huo: ngoma za Kimijikenda na tarumbeta za dansi zimekaa chumba kimoja bila kugombana. Bango haina haraka. Wimbo unazunguka hata dakika kumi, na katika kuzunguka huko mwimbaji anapata nafasi ya kumtaja mjomba aliyetoka Mariakani, shangazi wa Ganze, mpaka jirani aliyeazima viti. Nyinyi mmeukata dakika tatu na nusu kwa sababu redio hutaka hivyo. Kwa redio sawa. Harusini uacheni upumue, na kabla ya kupanda, mmoja wenu akakae na mwenye shughuli dakika tano aandike majina nane ya ukoo kwenye kiganja.

Kuhamia mjini? Sikushauri.

Mimi nimepiga besi hotelini miaka kumi na moja, kati ya Nyali na Shanzu. Mshahara wa mwisho wa mwezi ulinilisha na sitaukashifu. Lakini hoteli ina wageni wanaobadilika kila wiki, kwa hiyo haihitaji wimbo mpya: nyimbo kumi zilezile ni mpya kwa kila ndege inayotua. Kuna mahali meneja alitupa orodha iliyopigwa chapa, na tukipiga kitu nje ya orodha tunakatwa. Tulikuwa na mtunzi mzuri mno katika bendi ile. Aliacha kutunga mwaka wa tatu, na hakuna aliyemkataza. Hakupata tu siku iliyomtaka atunge. Kijijini kwenu mnatakwa. Kila mazishi, kila harusi, kila mabati mapya ya kanisa ni wimbo ambao hakuna mtu wa Nairobi atakayeuandika.

Mjini njooni kama wageni, mara mbili kwa mwaka, mahali ambapo watu huja kwa nia ya kusikiliza. Swahilipot pale jirani na Fort Jesus, Alliance Française ya Mombasa, jukwaa la Little Theatre. Huko leteni zile nyimbo za kukaa na kusikiliza, ule wa kwanza wenye gitaa refu mmojawapo. Si wimbo mbaya. Mmeupeleka kwenye shughuli isiyo yake. Na mkija, rekodini vizuri nyimbo zenu mbili, mpeleke Pwani FM, Baraka FM, na Radio Kaya kwa ule wenye Kigiriama. Mtangazaji hupiga kilichomfikia kikiwa tayari: faili safi, jina la wimbo, jina la bendi, majina ya watunzi, nambari ya simu. Anayetuma sauti ya WhatsApp yenye jogoo ndani anajidhulumu mwenyewe.

Kalenda mnaijua kunishinda, lakini naiona kwenye barua yako hamjaitumia. Mwezi wa Shaabani harusi za Waislamu hujaa hadi mtu anagombania turubai, Ramadhani kunakauka, Idd kunafunguka tena. Desemba wenyeji wanarudi kutoka kazini, harusi za Wakristo na kumbukumbu za marehemu zinafuatana. Fanyeni mazoezi ya nyimbo mpya katika mwezi mkavu. Juu ya matanga niseme neno moja tu. Zile disko za matanga za usiku kucha zimewaletea watoto wa watu balaa, na huko kaunti ya Kilifi wakuu wa utawala wamezipiga marufuku zaidi ya mara moja. Nyinyi mko mpakani, na mkiitwa ng'ambo ya pili mtapigiwa hesabu moja na wenye disko. Matangani pigeni mchana, chifu awe anajua, saa kumi na mbili mfunge vyombo. Hata kwenye harusi, spika za usiku zina kanuni zake za kelele tangu 2009, na jirani mwenye hasira hahitaji kuzisoma ili kuita polisi.

Pesa: pangeni kabla ya genereta kuwashwa, na mwulize petroli ni ya nani. Nimeona urafiki ukivunjika kwa lita tano. Mkilipwa gaweni mafungu saba, sita ya watu na moja la bendi. Mkilipwa shilingi 14,000, elfu mbili ni za bendi, haziguswi, hata mwenzenu akiwa na mgonjwa mchangieni kutoka mifukoni mwenu. Kwa hilo fungu ndiyo mtalipa studio. Za kutunzwa nazo kubalianeni mapema: ni za aliyetunzwa au ni za wote? Jibu lolote ni zuri, ubaya ni kulitafuta saa nane za usiku.

Haya, wizi.

Wimbo mnaouficha hauna mwizi, ni kweli, na hauna mpenzi vilevile. Kisheria mko salama kuliko mnavyodhani. Sheria ya hakimiliki ya Kenya, ya mwaka 2001 na marekebisho yake, inampa mtunzi haki tangu wimbo unapoandikwa au kurekodiwa, na haki hiyo inaishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Zile sauti za simu ulizonitumia, zenye tarehe, ni mwanzo wa ushahidi. KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, wana daftari la kusajili kazi, na mnaweza kusajili kwa mtandao. Usajili haukupi umiliki, umiliki unao tayari, unakupa karatasi ya kumwonyesha hakimu. Sajilini zile mbili kwanza.

Ninachokiogopa kwenu mimi ni wizi wa ndani. Mmeandika kwamba nyimbo ni "zetu sote". Zetu sote zipi? Nani alileta maneno, nani sauti, nani alibuni ule mlio wa gitaa ambao bila huo wimbo wa pili si kitu? Siku bendi itakapovunjika, na bendi huvunjika, kila mmoja ataondoka na nyimbo kumi na nne kichwani. "Malaika", wimbo unaoimbwa dunia nzima, umeandikwa jina la Fadhili William, na hadi kesho ukienda kwenye baraza fulani za Mombasa utaapiwa kwamba ni wa Lucas Tututu, na wengine watakutajia Grant Charo. Miaka imepita mingi, na ugomvi ungali mzima. Karatasi moja ya daftari ingetosha. Kwa hiyo Jumapili hii kaeni, kila wimbo ukurasa wake: jina la wimbo, tarehe, nani alitunga maneno, nani sauti, mgao wa kila mmoja kwa mia, sahihi sita. Mshairi wa nje naye yumo. Pigeni picha, kila mtu abaki nayo.

Baada ya hapo ndiyo mjiunge na vyama vya kukusanya mirabaha, yaani malipo ya nyimbo zenu zikipigwa hadharani. Haki ziko za aina tatu, na kwa miaka mingi majina yamekuwa matatu: MCSK kwa watunzi, PRISK kwa waimbaji na wapigaji, KAMP kwa wenye rekodi. Mabishano ya leseni kati ya vyama na KECOBO hayajawahi kukauka, basi ulizeni KECOBO nani ana leseni mwaka huo kabla hamjalipa ada ya kujiunga. Msitegemee kujenga nyumba.

Na mmekopa sauti ya mwanzele katika wimbo wa kwanza, nimeisikia pale mwishoni. Ngoma ya jamii ina wenyewe, na tangu 2016 kuna sheria ya kulinda maarifa na sanaa za jadi. Lakini hata bila sheria, nendeni kwa kikundi mlichokisikia nacho, muwaambie, muwape nafasi ya kuja kuucheza siku mtakapoutoa. Mzee aliyeombwa ruhusa hukufundisha ubeti ambao hukuujua.

Nimalizie na mzee wenu wa kayamba, kwa sababu hapo umenitia wasiwasi.

Kinanda nitakuambia kitafanya nini. Kina midundo ndani yake imeshatengenezwa, na midundo hiyo hiyo iko katika kila kinanda cha kila bendi kuanzia Ukunda hadi Malindi. Mtanunua sauti ya kila mtu kwa pesa za fungu la bendi, mtahitaji umeme uliotulia ambao genereta ya kukodi haina, na nyimbo zenu zitaanza kufanana na kopi mnazozikimbia. Siwakatazi milele. Nawakataza kununua kinanda kwa kumtoa mtu.

Wenzako wanasema kayamba haisikiki. Ni kweli haisikiki, nimeitafuta. Katika wimbo wa pili inajitokeza pale tu dramu inaponyamaza, nayo inaponyamaza mambo yanakuwa matamu kwa sekunde sita. Hebu fikiri kayamba ni nini: matete yaliyofungwa bapa, mbegu ndani, sauti yake yote iko juu, ni mchirizo kama mvua kwenye makuti. Na upatu mdogo wa dramu unakaa juu palepale. Mwenye chuma akigombana na mwenye matete, matete hushindwa. Zaidi ya hapo mmemweka mzee nyuma ya dramu, bila maiki, kama mtu aliyekuja kusaidia kubeba viti.

Mleteni mbele, upande wa dada anayeimba. Mpeni maiki yake, ikae shibiri mbili kutoka kwenye kayamba, isimwelekee katikati bali ukingoni, la sivyo mtapata kishindo cha kidole gumba badala ya mbegu. Kwenye miksa ondoeni besi yote katika chaneli hiyo, hana kazi nayo. Spika ziwe mbele ya maiki zote, zikiwa nyuma zitapiga mluzi. Mpiga dramu kwenye beti asiguse upatu kabisa. Aurudishe kwenye kiitikio peke yake, ndipo kiitikio kitapanda bila mtu kuongeza sauti. Jaribuni hivyo Jumamosi na wimbo wa malori. Aanze mzee peke yake, mizunguko minne, gitaa lako limenyamaza kimya hata kama mkono unakuwasha. Kisha dada atuambie lori limepita.